Mwenye gari asikizwe kabla gari halijataifishwa

Kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu,
Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS), Karura, Nairobi

Gari linalonaswa na magogo au makaa yasiyo na kibali hupitia hatua mbili tofauti. Kwanza huzuiliwa, na hilo huanza pale askari wa misitu wanapolisimamisha. Kisha laweza kutaifishwa, mwenyewe akalipoteza kabisa, na hiyo ni kazi ya hakimu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inampa hakimu hiari ya kutoa amri hiyo mshtakiwa akipatikana na hatia. Katika baadhi ya majimbo ya India afisa wa misitu mwenyewe anaweza kulitaifisha gari kesi ikiwa bado haijaisha. Kenya haikumpa afisa wake uwezo huo, na ilifanya vyema.

Mgogoro huzuka aliyehukumiwa asipokuwa mwenye gari. Lori la kukodi hunaswa upande wa Kikuyu likiwa na magogo ya mtarakwa chini ya magunia ya viazi. Dereva na utingo wakikiri kosa, hukumu yaweza kusomwa siku iyo hiyo na lori likaenda nayo. Faini ya kukata au kuondoa mazao ya msitu bila idhini ni angalau shilingi 100,000. Lori ni la mamilioni. Adhabu iliyo nzito zaidi humwangukia mtu wa Kawangware au Uthiru ambaye hakusimama kizimbani wala hakuulizwa neno.

Dawa ya dhuluma hiyo imo sheriani tayari. Kifungu cha 389A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaitaka mahakama impe mwenye mali notisi ya mahali na wakati wa kufika kueleza kwa nini mali yake isitaifishwe. Asipojulikana au asipopatikana, notisi hutangazwa gazetini. Hata hivyo, kusema tu kwamba hakujua hakutoshi. Ni lazima ithibitike kwamba hakushiriki kosa, hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku, na alichukua kila tahadhari ya busara kulizuia. Mwenye lori asiyeuliza dereva wake anabeba nini usiku hastahili kuhurumiwa. Pale ambapo asiye na hatia ana sehemu tu ya umiliki, gari laweza kuuzwa naye akapewa fungu lake. Hilo ni jambo zito jijini, kwa kuwa magari mengi ya biashara hununuliwa kwa mkopo na jina la benki huwa kwenye kadi ya gari pamoja na la mnunuzi.

Asiyesikizwa hulazimika kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ipitiwe upya, au kufungua kesi ya kikatiba kwa kutegemea Kifungu cha 40 kuhusu mali na cha 50 kuhusu kusikizwa kwa haki. Wakati huo wote lori limo uani, magurudumu yakiisha upepo, mkopo ukidaiwa kila mwezi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 121, inataka mali inayozuiliwa itunzwe ipasavyo. Sheria ya Ushahidi nayo inakubali picha zilizothibitishwa, kwa hiyo si kila lori lazima likae uani hadi hukumu.

Msitu hauna cha kupoteza kwa utaratibu huu wa notisi. Karura, msitu uliotangazwa rasmi mwaka 1932, ulinusurika miaka ya 1990 kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa ugawaji wa ardhi uliopuuza sheria. Amri inayotolewa bila notisi ndiyo rahisi kubatilishwa, na mhalifu halisi akarudishiwa lori pamoja na asiye na kosa.

Shirika linaombwa liwaagize maafisa wake waangalie usajili wa kila gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) mara linapokamatwa, waandike kwenye jalada jina la mwenyewe na la benki, na wamkabidhi kiongozi wa mashtaka maelezo hayo kabla hajaomba gari litaifishwe.