Joho la Mtoto Usiku wa Halloween

Kila ifikapo jioni ya tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani huvaa mavazi ya mazimwi, wachawi na wanyama, wakapita nyumba hata nyumba wakibisha hodi na kuomba peremende. Sikukuu hiyo iitwayo Halloween ilipelekwa huko hasa na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Siku hizi hata jamaa za Kikongo na Kirundi zilizopokelewa nchini humo hukuta watoto wao wakiulizwa na majirani watavaa nini. Miongoni mwa mavazi yapendwayo ni lile la mnyonya damu, zimwi ambalo msomaji aliyekua akisikia habari za mumiani hatashindwa kulielewa: joho jeusi lenye bitana nyekundu, ukosi mrefu uliosimama, na chonge mbili zitokazo mdomoni.

Kwa kijana wa miaka kumi, vazi hilo ni mchezo tu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye bado anayumba anapotembea na hawezi kueleza kinachombana, vazi lilo hilo laweza kuwa hatari. Ndiyo maana mzazi hana budi kuanza na mwili wa mtoto, kisha ndipo alitazame zimwi.

Yafaa ikumbukwe kwamba joho hilo halikubuniwa kwa ajili ya watoto. Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, alichapisha hadithi ya Dracula mwaka 1897. Joho lenye ukosi mrefu lilipata sifa jukwaani, katika mchezo wa Hamilton Deane ulioanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1924. Ukosi ulimwezesha mwigizaji kuwapa watazamaji kisogo, kichwa kisionekane, kisha atoweke. Filamu ya mwaka 1931, aliyoigiza Bela Lugosi, ikalieneza joho duniani. Basi ukosi uliokusudiwa kuficha kichwa cha mtu mzima hauna faida kwa mtoto: humkwaruza mashavu na kumzuia kuona pembeni.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni shingo. Majoho mengi ya dukani hufungwa kwa kamba kooni. Kamba hiyo ikinaswa na mlango, ua au bembea, mtoto hana nguvu wala akili ya kujifungua. Mwaka 1996 tume ya serikali ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo kwamba makoti ya watoto wadogo yasiwe na kamba shingoni wala kwenye kofia, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kunyongwa nazo. Kwa hiyo kamba na ikatwe. Mahali pake pashonwe utepe wa kunata ambao huachia mara moja ukivutwa, nao uwekwe mabegani badala ya kooni. Joho lenyewe liishie kiunoni, maana likifika miguuni mtoto atalikanyaga, hasa apandapo ngazi za baraza za watu.

Jambo la pili ni moto. Usiku huo watu wengi huweka mlangoni boga lililochongwa sura, na wengine bado huwasha mshumaa ndani yake. Boga huwa chini, karibu sana na kimo cha mtoto. Kitambaa chepesi kinachopepea hushika moto upesi, kwa hiyo mikono mipana na pindo ndefu ziepukwe. Mzazi atafute lebo inayoeleza kwamba nguo inastahimili moto, huku akijua kwamba nguo hiyo pia yaweza kuungua. Hata nguo za kulalia zina funzo hapa: tangu mwaka 1996 kanuni za Marekani zimeruhusu pajama za watoto zisizotiwa kinga ya moto, mradi ziubane mwili, kwa kuwa nguo iliyobana haifikii mwali kwa urahisi, na hewa ya kuuchochea moto huwa kidogo chini yake.

Kutokana na hayo, vazi jema laweza kuandaliwa nyumbani bila gharama kubwa. Msingi wake uwe pajama nyeusi laini, zenye lastiki isiyoacha alama kiunoni na zinazofunguka upesi wakati wa kubadili nepi. Kifuani pabandikwe kipande cheupe mfano wa shati, kipigwe bandi kwa uzi wala si kwa pini. Mahali penye baridi kali, fulana nzito ivaliwe ndani. Viatu viwe vile vile alivyovizoea. Safarini kwa gari, joho livuliwe kwanza, ili mikanda ya kiti cha mtoto imkae sawasawa.

Meno bandia ni marufuku kwa umri huu. Sheria ya Marekani hairuhusu mwanasesere wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu awe na kipande kinachoingia katika kipimo chenye upana wa sentimita 3.2 hivi, kwani kipande kama hicho chaweza kumpalia. Kinyago nacho huziba macho na pumzi. Chonge mbili zichorwe kwa rangi ya uso isiyo na sumu, iliyojaribiwa kwanza mkononi siku chache kabla, ili ionekane kama ngozi itawasha.

Hatimaye, mtoto na avishwe nyumbani siku mbili tatu kabla ya sikukuu. Atembee, achuchumae, anyanyue mikono, akae. Akilivuta joho mara kwa mara, limemshinda. Akiangua kilio ajionapo katika kioo, na aeleweke: mtoto wa miaka miwili hajui bado kutenga sura ya kuigiza na sura ya kweli. Joho livuliwe, abaki na pajama zake nyeusi. Majirani watampa peremende vile vile, naye atarudi nyumbani salama. Tahadhari kabla ya hatari.