Mwalimu wa Nyumba ya Wamisheni Naye ni Mfanya Kazi



Mwezi uliopita mpwa wetu alitupigia simu kutoka Kinakomba, akasema, "Mjomba, nimepata kazi." Tulifurahi sana, maana alimaliza chuo cha ualimu na tangu hapo angoja kuandikwa na Tume ya Waalimu bila kuitwa. Kazi yenyewe ni kufundisha watoto watatu wa familia ya wamisheni wanaokaa upande wa Garsen, na alasiri kuwafundisha baba na mama yao Kiswahili na Kipokomo. Tukamwuliza mshahara. Akanyamaza kidogo. "Hawakutaja mshahara, Mjomba. Wamesema ni huduma. Nitapewa chumba, chakula na kitu kidogo."

Tulipolieleza jambo hili karakana wakati wa chai, ndugu wengine walicheka. Walisema kukaa barazani na watoto watatu si kazi, na mtu asiyeshika spana alalamikia nini? Wengine walisema kazi ya Mungu haina mshahara. Kwa hiyo tumeona yatupasa kuandika.

Kazi hiyo tumeiona kwa macho yetu. Kwetu Kinakomba wengi ni Waislamu, na misheni za zamani zilikaa chini zaidi ya mto, Ngao na Golbanti; basi sisi tulipelekwa kwa shangazi huko chini tupate shule. Karibu na shule yetu ilikaa familia moja ya Wazungu, nao walikuwa na mwalimu wao, msichana aliyetoka kwao kuja kufundisha watoto wa nyumba ile tu. Sisi tulimchungulia kutoka kwenye mwembe.

Kabla ya jua kuwa kali amekwisha kuchemsha maji ya kunywa na kupanga vitabu. Watoto walikuwa watatu, na madarasa matatu. Mmoja asoma herufi, wa pili agawanya hesabu ndefu, wa tatu ajifunza mito na wafalme wa nchi aliyoiona mara moja tu wakati wa likizo. Mwalimu ni yeye mmoja, na meza ni moja. Asemaye kwamba hiyo ni kazi rahisi na ajaribu asubuhi moja. Vitabu vililiwa na mchwa. Mchana asahihisha madaftari, halafu aitwa zahanati kuandika majina ya wagonjwa, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Usiku mtoto akishikwa na homa, yeye huamshwa, maana analala nyumba ile ile. Sisi king'ora kikilia twanawa mikono twaenda zetu. King'ora chake hakikulia kamwe.

Mafuriko ya El Niño yalipokuja mwaka 1997 na kuendelea hadi 1998, barabara ya Malindi ilikatika. Barua hazikufika, wala fedha alizotumiwa na kanisa la kwao. Alifundisha kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku.

Na alasiri, kwenye baraza hiyo hiyo, alikuja mwalimu wa pili. Huyu alikuwa mzee wetu wa Kipokomo. Akitoka shambani alinawa miguu, akaketi na bwana na bibi mpaka jua kuchwa, akirudia neno moja mara kumi bila kukasirika. Hatukusikia hata siku moja akiitwa mwalimu. Aliitwa msaidizi. Alipewa sukari, sabuni, na mwisho wa mwaka koti kuukuu.

Jambo hili si la jana. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin, alimsaidia kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ferdinand Würtz, Mjerumani wa misheni ya Neukirchen, alianza kazi Ngao mwaka 1887 akaandika Kipokomo. Je, Kipokomo alizaliwa nacho? Alikaa miguuni pa watu wetu akafundishwa, lakini jina lililobaki juu ya kitabu ni moja.

Watu wa reli twaijua Kijabe kwa stesheni yake. Hapo ilianzishwa shule ya watoto wa wamisheni mwaka 1906, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amekwisha kutoka urais wa Marekani, aliliweka jiwe la msingi la jengo lake. (Ndiye yule aliyepanda kutoka Mombasa akiketi kwenye benchi mbele ya injini, jambo ambalo sisi tukilifanya leo twafukuzwa kazi.) Hata sasa waalimu wengi wa shule hiyo hawapokei mshahara wa shule, bali hutegemea michango ya makanisa na rafiki zao huko kwao. Hatusemi kuna ubaya. Wamechagua wenyewe, na nyuma yao kuna watu wanaochanga kila mwezi. Lakini mpwa wetu hana kanisa Marekani la kumchangia. Neno "huduma" ni lile lile, mifuko ni miwili, na mmoja ni mtupu.

Waalimu wa shule zetu nao walipita njia hiyo. Zamani huyu aliajiriwa na misheni, yule na baraza la wilaya, kila mtu kwa masharti yake. Wakaunda chama chao, KNUT, mwaka 1957, wakadai mwajiri mmoja, na Tume ya Waalimu ikaanza kazi mwaka 1967. Mwalimu wa barazani alibaki nje.

Hata hivyo sheria haikumwacha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Yasema mfanya kazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Haikuandikwa humo kwamba mwajiri akiwa mcha Mungu asamehewe.

Tulimwandikia mpwa wetu haya yote katika karatasi moja. Tulimwambia aombe barua yenye mshahara, saa za kufundisha watoto, na saa za kufundisha wazazi zihesabiwe mbali, maana hizo ni kazi mbili. Aliogopa. "Mjomba, watu hawa ni wema. Wakiudhika?" Tulimjibu kwamba mtu mwema ndiye afaaye kuombwa kwanza. Aliwasomea karatasi ile Jumapili jioni. Bibi alilia kidogo, akasema hawakufikiri hivyo. Bwana aliomba juma mbili awaandikie wakubwa wake.

Juma mbili hizo zitakwisha kabla ya mkutano wa tawi letu. Jibu likifika tutalisoma mbele yenu, liwe zuri au baya, na wale ndugu waliocheka wakati wa chai twawaomba wakae viti vya mbele.