Orodha ya Mbolea Isomwe Mbele ya Wananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sana sisi tunaoishi vijijini, yaani ruzuku ya mbolea na fedha nyingine za maendeleo ambazo Serikali huzileta mikoani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbozi. Ninalima ekari moja na nusu ya mahindi, na wazazi wa watoto ninaowafundisha karibu wote ni wakulima. Kwa hiyo sisemi mambo ya kusikia.

Kwanza kabisa napenda kuipongeza Serikali. Mwaka 2021/22 bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294, na kufikia mwaka 2024/25 ilikuwa imepita shilingi trilioni 1.2. Tarehe 8 Agosti, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya mpango wa ruzuku uliomwezesha mkulima kununua mfuko wa DAP au Urea kwa shilingi 70,000, wakati bei yake halisi ilikuwa imepita shilingi 120,000. Shilingi bilioni 150 zilitengwa kwa kazi hiyo. Mwaka ule bei ya mbolea ilikuwa imepanda dunia nzima, na bila ruzuku wengi wetu tungefukia mbegu tupu. Anayebeza jambo hilo hana shukrani.

Lakini, Ndugu Mhariri, fedha kutoka Hazina ni jambo moja, na mfuko wa mbolea kufika shambani ni jambo jingine. Katikati pana safari ndefu, na katika safari hiyo ndimo wanamojificha wajanja. Tofauti ya shilingi 50,000 kwa kila mfuko ni kishawishi kikubwa. Mtu akiweza kujiandikisha ekari ishirini naye ana mbili, mifuko inayozidi ataiuza kwa bei ya juu na kula jasho la wenzake. Swali langu ni hili: Nani anailinda mbolea hiyo njiani, na anailinda wakati gani?

Mlinzi tunayemfahamu, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kazi yake ni nzuri na taarifa zake zimefichua maovu mengi. Hata hivyo tuitazame kalenda. Mbolea ya kupandia tuliyoihitaji Novemba, 2022 ilikuwa katika hesabu za mwaka wa fedha uliokwisha Juni, 2023. Taarifa ya mwaka huo ilikabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, 2024, na ikawasilishwa Bungeni Aprili, 2024. Wakati huo mkulima alikuwa amekwisha vuna mara moja, na mahindi ya msimu wa pili yalikuwa yanakaribia kukomaa. Baada ya hapo ndipo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inapowaita wakurugenzi wa halmashauri kujibu hoja. Hiyo ni sawa na daktari anayefika msibani. Ataeleza vizuri ugonjwa uliomuua marehemu, lakini tiba haipo tena. Simlaumu daktari, kwani ndivyo sheria ilivyompangia zamu yake. Nasema tu kwamba kijiji kinahitaji mlinzi wa kwake, tena anayeamka kabla ya mvua.

Mlinzi huyo tulipata kumjaribu. Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali iliendesha mpango wa vocha za pembejeo. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na Kamati ya Vocha, wanaume watatu na wanawake watatu, waliochaguliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Vocha ililipa nusu ya bei, na nusu iliyobaki alilipa mkulima mwenyewe. Mpango ulikuwa mzuri katika karatasi. Lakini utafiti juu ya Mkoa wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika vijiji vilivyochunguzwa, asilimia 60 ya waliopata vocha zilikuwa ni kaya zenye viongozi wa kijiji. Na wako wakulima ambao, kwa kukosa ile nusu ya bei, waliweka sahihi zao na kumwachia wakala vocha kwa vijisenti, wakala naye akaipeleka benki na kulipwa kama kwamba mbolea imetoka. Katika karatasi mkulima alikuwa amepata mbolea. Shambani hakukuwa na kitu.

Tujifunze nini hapo? Kamati ilikuwepo, mihuri ilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Kilichokosekana mahali pengi ni orodha kusomwa jina kwa jina mbele ya watu wote. Kamati ya watu sita inaweza kukaa na mwenyekiti na mtendaji wakaelewana. Ni vigumu kuelewana na kijiji kizima.

Tangu mwaka 2022 vocha za karatasi zimepisha daftari la wakulima na namba inayotumwa kwa simu. Wapo wanaosema kwamba sasa udanganyifu umekwisha kwa sababu kila kitu kimo katika kompyuta. Mimi sikubaliani nao. Kompyuta inaweza kugundua jina lililoandikwa mara mbili, lakini haiwezi kujua kwamba shamba la fulani linaishia kwenye mfereji na si kule mlimani. Hujibu kile ilichoambiwa. Katika kijiji chetu wazazi kadhaa wamepata kuniletea simu zao niwasomee ujumbe. Mmoja ana ekari tatu lakini aliandikiwa moja. Mama mmoja mjane hakuwemo kabisa, ingawa aliandikishwa mbele ya jirani zake. Mwingine alisafiri nusu siku hadi kwa wakala, akaambiwa kwamba namba yake imekwisha tumika. Hakuna aliyejua amlilie nani, maana daftari lilikuwa limefungiwa ofisini, na aliyeliona ni yule yule aliyeliandika.

Jirani ndiye mkaguzi asiyelipwa posho. Anajua nani analima, nani amehamia mjini, na nani amefariki tangu mwaka juzi. Sisi walimu tunalifahamu jambo hili kwa kazi yetu ya kila siku. Mwalimu akiita majina kwa sauti, mtoto asiyekuwepo hawezi kuandikwa kuwa yupo, kwa sababu darasa zima litacheka. Tangu mwaka 2016 ruzuku ya uendeshaji huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, na shuleni kwetu mapato na matumizi yake hubandikwa ubaoni. Mzazi anayesoma huwasomea wengine. Maswali ni mengi, lakini fitina zimepungua.

Wenzetu wa Uganda wametupa ushahidi. Kati ya mwaka 1991 na 1995 uchunguzi ulionyesha kwamba shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotumiwa na serikali kuu, na nyingine yote ilipotelea wilayani. Serikali yao ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi kilichofika. Ilipofika mwaka 2001, shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Yalikuwepo na mageuzi mengine, lakini wananchi kufahamu haki yao kulisaidia sana.

Na sisi tuna historia yetu. Mwaka 1972 tulianzisha Madaraka Mikoani kwa nia ya kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Lakini wakati huo huo halmashauri za wilaya zilivunjwa, na maofisa waliokuja na fedha wakawa wanatazama juu kwa wakubwa wao. Sheria ya mwaka 1982 iliturudishia halmashauri, nazo zikaanza tena mwaka 1984. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo cha juu kabisa cha sera katika kijiji. Kwa hiyo sidai chombo kipya. Nadai chombo kilichopo kipewe kazi.

Napendekeza mambo manne yafuatayo.

Kwanza, kila mwaka kabla ya Oktoba, orodha ya wakulima wa ruzuku isomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, jina, ekari na idadi ya mifuko, kisha ibandikwe katika ofisi ya kijiji kwa siku kumi na nne. Aliyeachwa aseme, na aliyezidishiwa asemwe.

Pili, wakala anapoleta mbolea, mzigo uhesabiwe na Bwana Shamba pamoja na wanakijiji wawili waliochaguliwa mkutanoni, wasio viongozi wala jamaa za viongozi, nao waweke sahihi katika daftari lililo wazi kwa kila mtu.

Tatu, kila baada ya miezi mitatu, mkoa na halmashauri zitangaze kwa Kiswahili chepesi fedha zilizopokelewa, za kazi gani na za kijiji gani. Tukiambiwa kwamba wilaya imepata mamilioni, hatuwezi kuuliza kitu. Tukiambiwa kwamba mfereji wetu umetengewa kiasi fulani, tutakwenda kuutazama. Vile vile hoja za Mkaguzi zinazohusu wilaya zisomwe katika kata mara baada ya kuwasilishwa Bungeni.

Nne, ofisa aliyethibitika kula mbolea ya wananchi asihamishwe wilaya. Kumhamisha ni kutoa fukusi katika ghala moja na kuwatia katika jingine. Afikishwe mahakamani, na wale aliowaibia waambiwe mwisho wa kesi hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba kusoma majina hadharani kutaleta chuki kijijini. Chuki ipo tayari, tena ya kunong'ona, kwa kuwa kila mmoja anamshuku mwenzake. Wengine watasema kwamba wananchi hawahudhurii mikutano. Ni kweli, mara nyingi hatuhudhurii, kwa sababu tunaitwa kuchangishwa na kuambiwa. Itangazwe leo kwamba Jumamosi orodha ya mbolea itasomwa, uone kama kiwanja kitatosha.

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hazimsubiri mkaguzi. Mahindi yaliyokosa mbolea huota, lakini Januari huwa manjano, na mwezi Juni familia huvuna magunia manne mahali pa kumi na mawili. Mwaka unaofuata nawaona watoto wa familia hiyo darasani wakisinzia saa nne asubuhi. Hesabu ya mbolea iliyoibwa hufika mwisho wake pale, katika dawati.

Waheshimiwa wabunge na madiwani, mnapopitisha bajeti tunawapigia makofi. Sasa tusaidieni tuione orodha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi.