Tepu ya Kuziba Maji Shambani Ina Mipaka Yake

Vijana wenzangu, siku hizi kila nikishuka Darajani naiona tepu nyeusi ya kuziba maji, na mashambani naikuta tena. Siikatai. Nailoni ya kitalu nyumba ikichanika, futa vumbi, iache ikauke kabisa, kisha bandika ndani na nje. Pembe za tepu zikate ziwe mviringo, zisibanduke mapema. Bati la banda la kuku nalo sawa, ila tulio karibu na pwani tuoshe chumvi kwanza, la sivyo gundi inashika chumvi, haishiki bati.

Tatizo langu ni mipira ya matone. Mingi ni ya polithini, plastiki ambayo gundi haishiki vizuri. Ongeza jua na msukumo wa maji, tepu inaachia. Kijana mmoja wa Bumbwisudi aliuzungushia tepu mpira mkuu, akaenda zake harusini mjini. Kurudi, tungule za bondeni zinaogelea, za juu zimenyauka. Kata palipotoboka, weka kiungio, basi.

Na bomba la kupulizia dawa, lile la mgongoni? Hapo sibembelezi mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililiziba langu kwa tepu, dawa ikanichirizika hadi kiunoni, usiku kucha ngozi inawaka. Linalovuja kwenye maungio libadilishe wosha. Lililopasuka tangi, usilibebe. Hela haijapatikana? Azima kwa jirani, au usipulize wiki hiyo.