Bukavu: Munasifu mbio za Mark II, munasahau ilibeba nani

Kuko hadithi moja inayozunguka kwenye simu zetu tangu watu wa Bukavu watawanyike. Mumoja yuko Bujumbura, mwingine Kampala, mwingine alibaki hapa Kadutu na watoto. Karibu kila juma mutu anatuma sauti: "Munakumbuka ile Mark II? Munakumbuka ule usiku tulitoka Place de l'Indépendance, na mbele ya kumaliza sigara tuko Nyawera?" Wote wanacheka. Sina shida na kicheko hicho. Mutu aliyeacha nyumba yake ana haki ya kukumbuka kitu kilichomufurahisha. Shida yangu ni maneno yanayokuja nyuma yake: "Siye tulijua kuendesha. Hawa vijana wa moto wa leo ni wahuni tu."

Hapo nasema hapana.

Tuanze na gari yenyewe, kwa sababu hata mimi niliipenda. Ilikuwa Toyota Mark II nyeupe, injini ya silinda 6, litre 2.5. Ilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha ikapanda kwa barabara mpaka kwetu. Tuliijua kwa sauti mbele ya kuona taa zake. Mwenyewe alikuwa rafiki ya mutaa muzima. Alijua kila buloni ya gari ile, na hakuna fundi aliyemudanganya. Siku ya posho usiku, wenye magari walipimana kwenye barabara ya Lumumba. Siku ya yenga asubuhi walienda mbali zaidi, kule Kavumu, ambako barabara inanyooka na mutu anaweza kukanyaga mpaka mwisho. Aliyeshindwa alilipa kreti ya Primus. Hizo ndizo mbio munazozisifu.

Sasa musikilize. Gari ile ilikuwa na volani kuume, kama magari mengi yanayotoka Japani. Lakini Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Maana yake, shofere wa gari kama hiyo akiwa nyuma ya lori na anataka kulipita, yeye amekaa upande wa mutaro. Haoni kinachokuja mbele mpaka gari yake yote itoke nje. Kwa hiyo macho yake ni mutu aliyekaa kushoto. Huyo ndiye anayepiga kelele: "Ngoja!" ao "Pita!" Gari ikiwa kwenye kilometa 100 kwa saa, inakula karibu metre 28 kila sekonde. Wakati rafiki anasema "Ngoja" na shofere anasikia, metre hizo zimeisha. Kisha kuko freni. Ukizidisha mbio mara mbili, gari inahitaji karibu mara nne ya njia ili isimame, na kwenye muteremko ni zaidi. Na Bukavu wapi hakuna muteremko?

Basi musiniambie "tulijua kuendesha". Hakuna ujuzi unaomufanya mutu aone kupitia lori. Aliyefika Nyawera salama alifika kwa sababu usiku ule upande wa pili hapakuwa na mutu.

Tena angalieni hiyo hadithi vizuri. Ndani yake kuko gari, injini, marafiki na bia. Barabara ni tupu. Lakini barabara ya Bukavu haikuwa tupu hata siku moja. Muji huu ulichorwa wakati wa wakoloni, ukiitwa Costermansville, kwa ajili ya watu wachache na magari machache. Leo wakaaji wamezidi mara nyingi, na tangu vita ya 1996 kila vurugu ya vijijini inaleta familia nyingine kwenye vilima vyetu. Pembeni ya barabara kuko mutaro, kuko meza za wauzaji, kuko nyumba. Mwenye kutembea kwa miguu anabaki na sehemu moja tu: ndani ya barabara, pamoja na magari. Mama anayerudi kutoka soko la Kadutu na muzigo kichwani hawezi kuruka. Mutoto mwenye bidon ya maji hawezi kuruka. Muulizeni mama yeyote aliyeuza andazi usiku kando ya Lumumba miaka ile. Naye ana hadithi ya magari yale, ila hakuna anayemuomba atume sauti.

Sasa tuje kwa wamotari. Wakati ule gari ilikuwa ya mutoto wa mutu mwenye kitu. Polisi wa barabarani akimusimamisha, anauliza jina la baba, kisha anamuachilia. Mbio zake ziliitwa ujana. Motari wa leo, mara nyingi moto si yake. Kila jioni anapeleka pesa kwa mwenye moto, kazi iwe imeenda ao haikuenda. Anakimbia ili apate muteja mumoja zaidi mbele ya giza. Yeye anaitwa muhuni. Mbio ni zile zile, barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni nani amekaa kwenye kiti.

Sisemi hivyo ili motari asifiwe. Moto inayoteremka bila freni inavunja mifupa sawa na gari, na abiria wa moto hana hata mulango wa kumukinga. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilisema ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinachoua zaidi. Afrika ina magari machache kuliko mabara mengine, lakini ukilinganisha na hesabu ya wakaaji, ndiyo inayozika watu wengi zaidi kwa ajali. Vijana wetu wana risasi, wana kipindupindu, wana njaa. Wasiongezewe kifo cha kreti ya bia.

Na sisi wa Kivu ya Kusini hatuhitaji ripoti ili tujue barabara inayopita katikati ya watu inaweza kufanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka katikati ya makao ya watu. Esansi ikamwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Wengine walikuwa wamekusanyika tu kuangalia mupira wa Kombe la Dunia. Hawakupanda gari yoyote. Barabara iliwakuta walipokuwa.

Lakini kuko jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Munaisifu Mark II kwa kazi yake ndogo, munanyamazia kazi yake kubwa. Nani alibisha mulango wa rafiki yetu saa nane ya usiku mke wake alipoanza uchungu? Karibu kila nyumba ya mutaa. Hapakuwa na ambulansi ya kupanda kule kwetu. Alitoka na shati mikononi, akawasha, akateremka mpaka hospitali kuu polepole, akikwepa kila shimo, kwa sababu mwenye uchungu hapaswi kutikiswa. Hakuomba franka, hata ya esansi. Kuko watu wazima leo, wengine wenu munaowajua kwa majina, waliofika duniani wakiwa wazima kwa sababu gari ile siku hiyo ilienda pole. Safari hizo hakuna anayezituma kwa sauti. Hazina kreti.

Mukumbuke na Februari 2025. Tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa, tarehe 16 muji wetu ulikuwa mikononi mwa M23. Kati ya siku hizo maduka na depo viliporwa, na familia zikatoka na godoro kichwani. Wengi wenu munaosikiliza mulitoka kwa miguu. Wengine mulibebwa na motari, watoto watatu mbele na nyuma, bibi katikati. Kuko wamotari waliopandisha bei bila huruma, na hilo tuseme wazi. Kuko wengine waliorudi mara ya pili na ya tatu kuchukua wazee ambao hawakuwa na kitu cha kulipa. Siku hizo hakuna aliyeuliza nani ana mbio. Tuliuliza nani atabeba. Mark II yenyewe ilichukuliwa na watu wenye silaha ndani ya uwanja wa nyumba. Mwenyewe sasa yuko ng'ambo ya Ruzizi, anatembea kwa miguu kama wengine wote.

Mutu atasema: vijana wanapenda injini, utawazuia? Siwazuii. Kuwa mukimbizi hakuondoi mapenzi hayo. Shekhar Mehta alikuwa mwana wa Uganda. Familia yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka wa 1972, ikaenda Kenya, na 1973 yeye akashinda Safari Rally. Akaishinda tena kila mwaka toka 1979 mpaka 1982. Huyo ni mukimbizi aliyejua kuendesha. Lakini hata Safari ilijifunza. Zamani ilipita kwenye barabara zilizo wazi, na helikopta ziliruka mbele kuangalia watu na ng'ombe. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, pale Naivasha, sehemu za mbio zinafungwa. Mwenye kutaka kupima injini aombe uwanja, njia ifungwe, avae kaske. Barabara ya mama muuza andazi si uwanja.

Basi naomba mambo matatu. Yeyote anayeongoza muji huu leo, aweke matuta mbele ya kila shule na kila mahali familia zilizokimbia zimelala, na aondoe mawe na takataka kwenye pembe ya barabara ili mwenye miguu apate pa kupita. Wenye kumiliki moto, mupunguze pesa munayodai jioni siku ambayo kazi haikuenda, kwa sababu deni hilo ndilo linalokanyaga gazi. Na nyinyi wa rika letu, mulio Bujumbura, Kampala na hapa, mara nyingine mukituma sauti ya Mark II, mutaje na majina ya watoto waliozaliwa baada ya safari zake za usiku. Mimi nawajua sita katika mutaa wetu peke yake. Nyinyi munawajua wangapi?