Amri Haibomoi Ghorofa

Makamanda, tukumbushane. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Serikali ikaamuru ghorofa la jirani nalo libomolewe. Miaka ikapita, ghorofa likawa bado limesimama palepale!

Kwa nini? Mimi nasema: amri ni bure, kubomoa ni gharama. Zege lenye nondo huligongi nguzo za chini kwa katapila katikati ya mji; utawaangushia majirani na wapita njia. Unakata umeme na maji, unafunga barabara, unaegemeza sakafu, kisha unashuka ghorofa moja moja kutoka juu. Kifusi nacho unakiondoa kila siku, maana kikirundikana uzito wake unavunja sakafu. Hiyo kazi inataka wahandisi, muda na hela.

Sasa fungu liko wapi? Waheshimiwa, kuchora X ukutani hakumwokoi mtu. Mkitangaza amri, tajeni na mkandarasi, bajeti na tarehe. Bila hivyo ni porojo tu, na wananchi wanalala chini yake.