Maelekezo ya Kompyuta Yaandikwe kwa Anayeanza

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, vijana wa Kibera na Kawangware humiminika katika vibanda vya saiba kutafuta nafasi za vyuo katika tovuti ya KUCCPS na mikopo ya masomo katika ile ya HELB. Aghalabu kijana hagusi kibodi hata mara moja. Humpa mwenye kibanda nambari ya kitambulisho na neno la siri, akalipa, akaenda zake. Ilhali siri ya watu wawili si siri tena, na mkopo ni deni litakalomwandama mwenye jina lake kwa miaka mingi.

Wapo watakaosema dawa ni masomo ya kompyuta. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, naona kasoro nyingine: maelekezo ya kuanzia huandikwa na wanaojua kwa ajili ya wanaojua. Mwandishi huisifu programu, akazitaja sehemu zake zote, akamwacha msomaji asijue kidole akiweke wapi. Anayeanza haulizi programu ina nini. Huuliza afanye nini kwanza, na atajuaje kwamba amefanya sawa.

Tuitazame M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Waliojaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya haja hiyo. Tuma pesa, toa pesa. Hivyo ni vitenzi, na kila kimoja kinataja jambo lililomleta mtu. Ujumbe unaorudi, wenye jina la mpokeaji na kiasi kilichotumwa, humthibitishia kwamba amefika, kazi ambayo vitabu vingi vya maelekezo huisahau. Na maandishi yasipotosha, yupo wakala dukani, mwalimu ambaye hakuna wizara iliyomwajiri.

Kuhusu msamiati, najua baadhi ya wanaisimu wenzangu hawatanipenda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba programu nzima ya ofisi. Lakini uwezo wa lugha si uwezo wa msomaji. Tarakilishi na nywila ni maneno yanayofaa darasani. Muuza mboga wa Kawangware husema kompyuta na paswadi, naye ndiye anayeanza. Aandikiwe neno analolijua, na neno hilo lisibadilike hadi mwisho wa ukurasa. Mwandishi anayesema "bonyeza" hapa, "bofya" pale na "gusa" kule hudhani anapamba lugha, kumbe msomaji anahesabu vitendo vitatu. Wala sipendekezi Sheng, ingawa imeenea katika mitaa hiyo: hugeuka upesi mno, na ya mtaa mmoja si ya mtaa wa pili. (Kibera yenyewe, ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, haijapata kuwa ya lugha moja.)

Mwaka 2009 vijana wa huko Kibera, katika mradi wa Map Kibera, waliuingiza mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap. Walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, kisha wakaketi mbele ya kompyuta kuingiza vyoo, shule na vituo vya maji walivyovijua kwa miguu yao. Mtu hujifunza programu upesi akiwa na kitu chake mwenyewe cha kutia ndani yake.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi hapa. Karatasi ya insha ya KCSE hudai uandishi wa kiuamilifu. Basi wanafunzi waandike, katika ukurasa mmoja, maelekezo ya kufungua akaunti ya baruapepe. Kalamu nyekundu isubiri. Ukurasa apewe mzazi au jirani asiyewahi kufanya hivyo, naye mwandishi aketi kando, amenyamaza kabisa, akitia alama kila anapokwama msomaji. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwetu walimu. Aandike upya palipotiwa alama, amtafute jirani mwingine, na akishapatikana asomaye hadi mwisho bila kuuliza, ukurasa ubandikwe katika ukuta wa saiba, kando ya bei za kuchapisha, kabla matokeo hayajatoka tena.